Ndege Ndogo, Dhamana Ileile

Wasikilizaji, kijana wa sekondari anayetamani urubani akiulizwa angependa kuajiriwa wapi, hutaja shirika kubwa ambalo ndege zake huvuka bahari. Ni nadra kumsikia akitaja ndege za pangaboi zinazokwenda mikoani. Hata hivyo, marubani wengi hukomaa katika ndege hizo.

Mfano uko kwa jirani zetu wa Kenya. Kenya Airways, iliyoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, hurusha Boeing 787 hadi Ulaya na Marekani. Kampuni yake tanzu ya Jambojet, iliyoanza safari mwaka 2014, hutumia Dash 8 zenye viti visivyofika 80, kwa miji kama Mombasa, Kisumu na Eldoret. Rubani wa 787 huweza kuruka usiku kucha akatua mara moja tu. Mwenzake wa Dash 8 huweza kuruka na kutua mara nne au zaidi kwa siku moja, na kuruka na kutua ndiko kunakompima rubani.

Ipo pia hesabu ya saa. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 hivi za kuruka. Leseni ya juu kabisa, ambayo rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria hana budi kuwa nayo, hudai saa 1,500. Yapo mashirika makubwa yanayowachukua vijana moja kwa moja kutoka chuoni, lakini nafasi hizo ni chache. Wengine huzichuma saa zilizobaki katika ndege ndogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini ubaya wa ngazi hii ni kwamba mashirika madogo aghalabu hulipa kidogo, na ratiba zake huchosha. Hapo lipo jambo la kuogopwa. Nchini Marekani, msiba tunaoukumbuka hapa ni wa tarehe 12 Februari 2009. Siku hiyo Dash 8 ya kampuni ndogo ya Colgan Air, iliyokuwa ikisafiri kwa jina la shirika kubwa la Continental, ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walieleza kwamba rubani mkuu alifanya kinyume cha ilivyopasa alipoonywa kuwa ndege inapoteza nguvu ya kuelea, na kwamba yaelekea marubani wote wawili walikuwa wamechoka. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini. Abiria walikata tiketi yenye jina kubwa, wakapanda ndege ya marubani wa mshahara mdogo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria mpya, na tangu mwaka 2013 rubani msaidizi naye hudaiwa leseni ya juu.

Uganda nayo ina somo lake. Uganda Airlines, iliyofungwa mwaka 2001, ilirudi angani mwaka 2019 kwa ndege ndogo za CRJ900 za safari za jirani, ndipo ikapokea Airbus A330 ya safari ndefu mwishoni mwa mwaka 2020. Shirika lenye ndege za aina zote mbili laweza kumpandisha rubani wake bila yeye kuihama nyumba. Na nchini humo humo, Soroti, ndiko Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikoanzisha chuo cha urubani mwaka 1971.

Kwa hiyo vijana wasizidharau ndege ndogo. Nao wenye mashirika na wakaguzi wa serikali hawana budi kuhakikisha kwamba rubani wa ndege ndogo anafunzwa, anapumzika na analipwa kama mtu aliyebeba roho za watu. Abiria wa Kisumu au Bukoba hana roho ndogo kuliko abiria wa London.