Uanagenzi wa TEHAMA Usio na Malipo: Lipi Likubaliwe, Lipi Likataliwe



Matangazo mengi ya ajira ya TEHAMA hubeba sharti linalowakatisha tamaa wahitimu: mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa mwaka 1, miaka 2 au 3. Kijana aliyemaliza stashahada mwezi uliopita hana hata mwezi mmoja wa kuonyesha. Uzoefu hupatikana kazini, na kazi hupewa mwenye uzoefu. Hapo ndipo njia inapojifunga. Katika pengo hilo umezuka utaratibu unaoitwa uanagenzi wa mbali. Kampuni au mtu binafsi, mara nyingi aliye ng'ambo, humwita kijana afanye kazi akiwa kwao, kwa kompyuta yake na intaneti anayoinunua mwenyewe, kwa miezi 3, 6 au zaidi, bila mshahara wala posho. Anachoahidiwa ni ujuzi, cheti na barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine.

Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo ahadi hiyo ina mvuto wa pekee. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ngara mjini, na kijana anayekwenda huko kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo hulipa nauli, chumba na chakula kabla hajaonja senti moja. Kukaa nyumbani na kufanya kazi ya ofisi iliyo mbali kunaonekana kuwa ni nafuu kubwa. Wala si ndoto tena. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika Rusumo na Kabanga, mahali unapoungana na mitandao ya Rwanda na Burundi. Umeme, ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, sasa una chanzo jirani: mitambo ya maporomoko ya Rusumo, yenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, na njia ya umeme inayotoka hapo hadi Nyakanazi wilayani Biharamulo. Si kila kitongoji kimefikiwa, na umeme ukikatika kazi husimama. Hata hivyo kijana wa leo ana nafasi ambayo kaka yake wa miaka 15 iliyopita hakuwa nayo.

Uanagenzi wenyewe si mgeni katika wilaya hizi. Gereji, karakana za seremala na vibanda vya cherehani vilivyo karibu na stendi vimelea mafundi kwa vizazi. Mwanagenzi hufika asubuhi, hufagia, hushika taa fundi akiwa chini ya gari, huagizwa spana namba 14 akaleta namba 13 na kukemewa. Mshahara hana. Lakini mchana hula chakula cha fundi, na siku kazi ikiwa nzuri hupewa chochote cha kupeleka nyumbani. La maana zaidi, anaiona mikono ya fundi. Akikosea anasahihishwa papo hapo, na mtaa mzima unajua kwamba fulani amefundishwa na fulani. Sifa hiyo ndiyo cheti chake, na Serikali imeitambua kupitia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Uanagenzi wa mtandaoni usio na malipo umechukua upande mmoja wa desturi hiyo, yaani kutolipwa, na mara nyingi umeuacha upande wa pili. Chakula cha mchana hakipo. Mikono ya fundi haionekani. Kijana hupokea ujumbe wenye orodha ya kazi, huzifanya, huzituma, na jibu likija huwa ni orodha nyingine. Fundi asiyesahihisha kazi ya mwanagenzi wake hafundishi, anatumikiwa. Kipimo hiki kinatosha kutenganisha nafasi nyingi njema na mbaya, na mzazi asiyejua lolote kuhusu kompyuta anaweza kukitumia. Amwulize mwanawe: wiki hii nani amekaa nawe kukuonyesha ulipokosea? Jibu likiwa hakuna kwa wiki tatu mfululizo, iliyobaki ni kazi ya bure.

Gharama nayo ihesabiwe kwa kalamu na karatasi, maana neno "bure" huficha mengi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba bando la kutosha siku moja ya kazi ni shilingi 2,000. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni shilingi 44,000. Kwa miezi 6 ni shilingi 264,000. Hapo hakijahesabiwa kiti na umeme kwenye duka la intaneti, wala kompyuta mpakato yenyewe, wala siku ambazo kijana hakwenda shambani wakati wa kahawa au wa mihogo. Fedha hizo hutoka kwa mtu, na mara nyingi ni mama. Familia haikatazwi kumsomesha kijana kwa njia hiyo; inapaswa tu kujua kwamba inalipa ada, na mlipa ada ana haki ya kuuliza anafundishwa nini.

Kuna na suala la saa. Kikao cha saa 3 asubuhi New York ni saa 10 au saa 11 jioni Biharamulo, kulingana na majira ya huko. Kikao cha saa hiyo hiyo San Francisco ni saa 1 au saa 2 usiku. Kwa mwenye intaneti nyumbani hilo si tatizo kubwa. Kwa binti anayetegemea duka la mjini na kurudi kijijini kwa bodaboda gizani, ni hatari ambayo haimo katika barua yoyote ya nafasi ya mafunzo. Saa za vikao zipangwe kabla ya kuanza, na mwenye kutoa nafasi asiyekubali kusogeza kikao kwa ajili ya usalama wa mwanagenzi amekwisha kuonyesha thamani anayompa.

Sheria za nchi hazikunyamaza. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inamchukulia mtu anayemfanyia mwingine kazi kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo: kwamba namna au saa zake za kazi zinasimamiwa na huyo mwingine, kwamba amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba anamtegemea mtu huyo kiuchumi, na vinginevyo vya namna hiyo. Jina lililoandikwa juu ya mkataba, liwe "mwanagenzi" au "mtu wa kujitolea", si neno la mwisho. Migogoro ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni kweli kwamba kumfuata mwajiri asiye na ofisi nchini ni kazi ngumu, na hapo ndipo udhaifu wa uanagenzi wa mbali ulipo: sheria ipo Ngara, lakini mdaiwa hayupo. Kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania hali ni tofauti, na kijana hana sababu ya kuogopa kuuliza.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. Nchini Marekani, wanagenzi waliofanya kazi bila malipo katika utengenezaji wa filamu ya Black Swan walifungua kesi, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa huko New York iliweka swali la kuongoza maamuzi: katika uhusiano huo, mnufaika mkuu ni nani, mwanagenzi au mwajiri? Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 208 kuhusu uanagenzi bora, ambalo linataka mwanagenzi apate ujira au fidia nyingine ya fedha inayostahili. Pendekezo si sheria, lakini linaonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Hapa nyumbani, Serikali ilitoa mwaka 2017 miongozo ya uanagenzi na ya utarajali kwa wahitimu, na huduma ya ajira ya Serikali, TaESA, huwaunganisha wahitimu na waajiri wanaotoa nafasi hizo. Mhitimu ajiandikishe huko kwanza kabla ya kuifuata namba ya simu iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Je, kazi isiyolipwa ikataliwe yote? Hapana, maana ipo inayomfaa kijana kuliko anayeitoa. Programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, hukua kwa michango ya watu wa kujitolea, na kila mchango hubaki na tarehe na jina la aliyeutoa. Mwajiri wa Nairobi au Berlin anaweza kuusoma bila kuomba barua ya mtu. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni mfano ulio karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Barabara za vijiji, visima na zahanati za Ngara na Biharamulo zinaweza kuchorwa kwa njia hiyo hiyo, na kazi hiyo humnufaisha jirani pamoja na mchoraji.

Zaidi ya hayo, ipo milango inayolipa. Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, na Outreachy, inayofanyika mara 2 kwa mwaka, huwapa posho wanaofanya kazi kwa mbali katika miradi ya programu huria chini ya mlezi anayejulikana kwa jina. Outreachy hutoa dola za Marekani 7,000 kwa miezi 3. Ushindani ni mkali na Kiingereza kinahitajika. Mwombaji hupitia kipindi kifupi cha michango isiyolipwa, lakini hata asipochaguliwa, alichokifanya hubaki hadharani kwa jina lake. Miradi hiyo ikiwapo, anayesema kwamba kazi ya mbali kwa asiye na uzoefu haiwezi kulipwa hasemi kweli.

Wala mwajiri wa kwanza si lazima awe ng'ambo. Chama cha msingi cha ushirika kinachoandika mizani ya kahawa katika madaftari, duka la dawa lisilojua dawa zipi zinakaribia kuisha muda, shule ya sekondari yenye kompyuta kumi zilizofunikwa vumbi: hao wote wana kazi, na wanaweza kulipa kidogo. Kijana aliyeitengenezea AMCOS kanzidata inayotumika kila msimu ana la kusema mbele ya msaili kuliko mwenye vyeti vinne vya kupakua. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, inaweza kununulia kikundi vifaa vya kazi ya namna hiyo. Isichukuliwe kugharimia miezi ya kazi isiyolipwa, kwa kuwa marejesho hayasubiri barua ya sifa njema.

Yapo mambo yasiyo na mjadala. Anayedai ada ya usajili, ya "mashine" au ya cheti ili kutoa nafasi ya kazi asipewe. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, nywila ya barua pepe na namba ya siri ya akaunti ya simu hazitolewi kwa mtu ambaye hata jina la kampuni yake halijathibitishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwenye taarifa, lakini hairudishi fedha iliyokwisha kutolewa. Na aliye chini ya miaka 18 asisaini chochote bila mzazi.

Kwa anayeamua kuingia, barua ya makubaliano itaje jina la kampuni na mahali iliposajiliwa, jina la mlezi na saa atakazokaa na mwanagenzi kila wiki, kazi zenyewe, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, isiyozidi miezi 3, saa za wiki, zikimwachia nafasi ya kutafuta riziki, nani analipia intaneti, na ruhusa ya kuonyesha kazi aliyoifanya. Hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi, na bila hilo kijana hutoka mikono mitupu, kwani kazi yake imefungiwa ndani ya mifumo ya kampuni asiyoweza kuifungua tena. Asiyeielewa barua aipeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake au kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri, aisome pamoja naye kabla ya kusaini. Penye utata wa kisheria, Ofisi ya Kazi ya mkoa iko Bukoba.