Moyo Wangu Haukutumwa na Mtu

Hotuba ya mwenezi wa Chama kwa mkutano wa wanachama, Nyakahura, Wilaya ya Biharamulo



Katika ratiba nimeandikwa kusema juu ya ada na kadi. Kadi zitangoja. Nataka kusema juu ya moyo wangu, kwa sababu moyo huu umekwisha kuwa jambo la siasa katika kata hii bila mwenyewe kuulizwa.

Mnakumbuka mkutano uliopita, chini ya mti huu huu. Nilikuwa nasema, upepo ukapeperusha karatasi yangu, nikainama kuiokota. Nilipoinuka sikuweza kuendelea. Mliniona nimeshika kifua, nikakaa juu ya kreti la soda, jasho linanitoka. Yapata robo saa baadaye nikasimama, mzima kabisa, nikaomba maji. Mkutano ukavunjika. Kabla jua halijatua maneno yalikwisha fika Lusahunga kwamba mwenezi amerogwa jukwaani, na usiku ule ule likatajwa jina la mama mmoja mzee, mjane, ambaye makosa yake ni mawili: nyumba yake imepakana na shamba la tawi, na macho yake ni mekundu. Vijana wanne wakasema watakwenda kwake. Hawakufika, kwa sababu Mwenyekiti aliwakalisha barazani kwake mpaka kulipokucha. Lakini tangu siku ile mama yule halali nyumbani mwake.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa. Hatuhitaji mgeni aje kutueleza habari za bibi zetu waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho mekundu. Macho yale ni ya moshi. Mtu akiinamia mafiga miaka 50, unataka macho yake yawe na rangi gani?

Basi nisikilizeni. Tabu hii haikuanza hapa. Ilinianza nilipokuwa chuo cha ualimu, katika mazoezi ya kufundisha, mbele ya watoto wa darasa la tatu, chaki mkononi. Ghafula moyo ulikwenda mbio, pigo juu ya pigo, kama mtu amewasha pikipiki kifuani. Haukupanda polepole kama unavyopanda mtu anapoogopa au anapokimbia. Uliwaka mara moja, ukaenda vile vile bila kupungua, kisha ukazima mara moja. Nikasikia haja ya kukojoa, nikatoka nje, nikarudi kumaliza somo la kutoa na kukopa. Wakati huo mama yule hajanijua wala mimi sijamjua.

Mwaka wa kwanza nilificha. Sikupanda bodaboda, nikiogopa kuanguka njiani. Sikutaka kulala peke yangu; nililala nimeegemea ukuta, nikiusikiliza moyo kama mlinzi asikilizavyo mbwa. Nawaambia kweli, kuungoja moyo uanze kuliniumiza kuliko moyo wenyewe. Zahanati moja ilinipa dawa ya malaria bila kunipima. Mahali pengine niliambiwa nina mawazo mengi, nioe. Mwishowe nikapimwa ECG, ile mashine inayoandika umeme wa moyo juu ya karatasi, na karatasi ikatoka safi.

Na hapo ndipo neno lenyewe lilipo. Vijana wale wanne walisema hivi: hospitali haikuona kitu, basi si la hospitali. Mimi nawajibu kwamba karatasi ile huandika moyo kwa sekunde zipatazo 10 tu. Ni kama kumtuma mtoto shambani mara moja, saa sita mchana, akarudi kukuambia kwamba ngedere hawapo. Hakusema uongo. Lakini mahindi yako yanaliwa. Moyo wangu huanza nikiwa Rulenge au Nyakanazi, na nikifika penye mashine umekwisha tulia.

Daktari niliyemwona baadaye hakunificha. Alisema moyo una umeme wake wenyewe, unaoanzia sehemu ndogo upande wa juu kulia, ukashuka kwa njia maalumu. Wapo watu waliozaliwa na njia ya ziada, kijia cha mchepuko, na siku nyingine umeme huingia humo ukawa unazunguka na kuzunguka. Hapo moyo hupiga mara 150, pengine hata 200 na zaidi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya 60 na 100. Mwaka 1930 madaktari watatu, Wolff na White wa Marekani na Parkinson wa Uingereza, waliandika juu ya tabu kama hii, na waliowaeleza walikuwa vijana wenye afya, si wazee wala wagonjwa. Aina yao huacha alama kwenye karatasi hata moyo ukitulia. Nyingine haziachi. Daktari anadhani yangu ni moja ya hizo nyingine. Nasema anadhani, kwa sababu haujakamatwa bado.

Kwa hiyo sina jina kamili la ugonjwa wangu. Ninakaa na jambo lisiloelezwa, na nimejifunza kulisema hivyo bila haya. Lakini pengo hilo ni langu na la daktari. Hamna ruhusa ya kulijaza kwa jina la mama wa watu.

Nimefanya nini badala yake? Nimenunua daftari. Kila moyo unapokimbia naandika siku, saa, nilikuwa nafanya nini, ulianza vipi, ulikwisha vipi. Mwenzangu mmoja hunihesabia shingoni sekunde 30, tukazidisha kwa 2, maana mwenyewe unapotetemeka huwezi kuhesabu vizuri. Mwaka mmoja umenijia mara 11. Mara 5 nilikuwa nimeinama: kufunga kiatu, kunyanyua ndoo, na ile karatasi yenu. Nilishuku kahawa, nikaacha hata kutafuna buni miezi mitatu, haikubadilisha kitu. Mwenzangu wa Ngara mwenye tabu kama hii yeye kahawa humchokoza kabisa. Kila mtu na daftari lake.

Kadhalika nimefundishwa kuutuliza. Waingereza walilipima jambo hili kwa wagonjwa 428, habari ikatolewa 2015: mgonjwa ameketi nusu kulala, anajikamua kwa kupuliza kwa nguvu sekunde 15, halafu analazwa chali mara moja na miguu yake kuinuliwa sekunde 15. Katika kila 100, wapatao 43 walitulia. Waliopuliza tu bila kulazwa hivyo walikuwa 17. Mimi hunifaa mara nyingine, mara nyingine hapana. Asijaribu mtu kabla hajapimwa na kufundishwa, khasa mzee au mwenye shinikizo la damu.

Na si kila moyo unaokimbia ni kama wangu. Homa huukimbiza. Upungufu wa damu huukimbiza, na akina mama wajawazito wasiambiwe ni uvivu. Tezi ya shingoni ikizidisha kazi, vile vile. Mtoto aliyeachiwa koo linalouma bila dawa anaweza kuharibiwa vizibo vya moyo, akaja kuhangaika ukubwani. Mtu akizirai, akiumwa kifua, akikosa pumzi, hapana kuhesabu wala kuandika. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Mimi nimepewa siku ya kwenda Bugando, Mwanza, kufungiwa kifaa kidogo kinachouandika moyo mchana kutwa na usiku kucha. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe 2025, angalau kivuko hakitungojeshi tena. Ikibidi nitafika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako wanaushughulikia umeme wa moyo hapa hapa nchini. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli naijua. Ndiyo maana tawi hili halina budi kuidai halmashauri mashine ya ECG katika kituo cha afya kilicho karibu, na mtu anayejua kuisoma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Bima bila kipimo ni kadi tu, na mimi kadi ninazo nyingi humu mkobani.

Wazee wanakumbuka Mtu ni Afya, 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio. Hawakuambiwa wamtafute aliyewatumia ugonjwa wa kuhara. Waliambiwa wachimbe vyoo, wakachimba. Na kwa asiyejali hilo, ipo Sheria ya Uchawi ya tangu 1928: anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, anayetaja ndiye anayeshitakiwa. Mimi mwenyewe nitatoa ushahidi, na nitautoa dhidi ya mwanachama.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya mkutano: mwanangu, ukikamatwa tena mbele yetu, tufanye nini? Nisaidieni kukaa. Nipeni nafasi nivute hewa. Mmoja atazame saa, mmoja ahesabu, mmoja aite pikipiki iwashwe ije hapa, maana ikiwa nitafika penye mashine moyo ungali unakimbia, mtakuwa mmenisaidia kuliko miaka yote hii. Kesho asubuhi nakwenda kumrudisha mama yule kwake. Mlango wake umevunjika bawaba. Fundi yupo, mbao mbili hazijapatikana. Mwenye mbao aje anione kabla ya kugawa kadi.