Taarifa za Dawa Zianzie Dirishani: Mbinu Mpya na Tatizo la "1x3"

Wafamasia na watoa dawa wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie mbinu na huduma mpya za taarifa za dawa. Maana yake sote tunaijua: kumpa daktari, muuguzi au mgonjwa jibu sahihi kuhusu dawa wakati anapolihitaji. Kituo cha kwanza cha kazi hiyo kilifunguliwa mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani. Sisi tunao Mwongozo wa Matibabu wa Taifa, toleo la 2021. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inapokea taarifa za madhara ya dawa. Na nchi yetu, Tanzania, imo katika mpango wa kimataifa wa ufuatiliaji wa dawa tangu 1993. Makundi ya WhatsApp nayo yanasaidia, ingawa ukiuliza dozi ya mtoto usiku unaweza kupata majibu matano na moja tu ndilo lenye chanzo. Utangulizi uishie hapo.

Ninalotaka kulisema hasa ni maandishi ya kwenye bahasha. Chukueni boksi la dawa mseto ya malaria la mtu mzima, lenye vidonge 24. Dirishani linaandikwa kwa kalamu "4x2", yaani vidonge vinne mara mbili kwa siku, linasukumwa kwenye tundu, anaitwa mwingine. Mgonjwa aliyemeza vidonge vinne vya kwanza saa 5 asubuhi anatakiwa ameze vya pili saa 1 usiku siku ile ile, halafu kesho yake saa 5 asubuhi na saa 5 usiku, na keshokutwa vivyo hivyo. "4x2" haisemi hata moja kati ya hayo. Ukimwinamia ukamwambia "baada ya saa nane", huku nyuma yake foleni inanung'unika, ataondoka na saa nane mchana kichwani, na wala hana kosa. Tena haimwambii kuwa dawa hii huingia vizuri mwilini ikikuta mafuta tumboni, na hapa pwani chai ya maziwa au wali wa nazi si vitu vya kutafuta.

Mkoa huu wa Tanga una sababu ya kuwa makini. Muheza ni miongoni mwa sehemu ambako watafiti walionyesha mapema kwamba imeshindwa kazi SP, dawa ya malaria ambayo nchi iliifanya chaguo la kwanza mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa. Mwaka 2006 sera ikahamia dawa mseto. Hatuna akiba ya dawa za kuchezea.

Kuna pia mjamzito anayetumia ARV. Dirisha moja limempa dolutegravir, jingine vidonge vya madini chuma, na bahasha zote mbili zimeandikwa "1x1". Akivimeza pamoja asubuhi na tumbo tupu, madini chuma yanaishika dolutegravir na kuipunguza nguvu. Akivimeza pamoja na chakula, hakuna tatizo. La sivyo, dolutegravir itangulie saa mbili kabla ya madini chuma, au ifuate saa sita baadaye. Sentensi hiyo haijaandikwa popote anapoweza kuiona.

Na kuna Ramadhani, ambayo kwa Tanga si jambo la pembeni. Mgonjwa wa "1x3" anabaki na futari na daku, na dozi ya mchana anaiamulia mwenyewe. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamaidi sukari yake inaweza kushuka mno kabla ya magharibi. Mgonjwa anayo ruhusa ya kutofunga, lakini wengi hufunga, nasi hatuwaulizi.

Nimelisema hili katika vikao vingi vya kamati za dawa na tiba. Jibu ni lile lile: foleni ni ndefu, karatasi hazipo, mfumo wa kompyuta hauna nafasi hiyo. Sitaji kituo chochote, na haya ni maoni yangu, si ya mwajiri wangu. Lakini nachoka kusikia tunahitaji programu mpya ya simu wakati kalamu tuliyonayo hatujaitumia vizuri.

Kwa hiyo napendekeza, kwa idhini ya mamlaka husika, "1x3" na ndugu zake zipigwe marufuku kwenye bahasha na maboksi, ziandikwe saa zenyewe, kwa Kiswahili na kwa saa zetu. Mfumo wa hospitali uchapishe lebo zenye saa hizo. Mahali usipokuwepo, mhuri wa mpira wenye nafasi za asubuhi, mchana na usiku unatosha. Dawa mseto iandikwe saa ya dozi ya pili bila kukosa. Dirisha la ARV na kliniki ya wajawazito waandikiane. Maduka ya dawa muhimu yapewe namba moja ya simu ya mfamasia wa zamu, na kila jibu liandikwe pamoja na chanzo chake. Anayetumia dawa za asili aulizwe bila kudharauliwa. Tanga AIDS Working Group walifanya kazi na waganga wa jadi, nasi hatuna kisingizio. Narudia: saa ziandikwe. Na kila mwezi wa Shaabani, kabla mwezi haujaandama, wagonjwa wa kisukari, presha na kifafa waitwe, dozi zao zipitiwe pamoja na daktari, na bahasha zao ziandikwe upya kwa daku na futari.