Daftari la Mafuta ya Taa: Simu, Sola na Deni la Mkulima



Miezi michache iliyopita mgeni wetu mmoja alisimama hapa nilipo mimi sasa, akasema sentensi ambayo tangu siku hiyo sijaacha kuitafuna. Alisema Afrika iliruka simu ya waya ikatua moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, na vivyo hivyo itairuka gridi na kutua kwenye sola ya paani. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na sikupiga. Usiku ule ule nilianza kuandika mhadhara huu. Mtaniwia radhi nikitumia muda mwingi kuivunja sentensi moja, kwa maana wenye fedha wanaiamini, na wanapanga mitaji yao kwa kuifuata.

Historia ya karibuni nitaipita mbio. M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka uliofuata. M-KOPA ilianza kuuza sola Kenya mwaka 2012: mteja anatoa kianzio, anapewa seti yenye paneli ndogo, taa, redio na chaja ya simu, kisha analipa shilingi 40 au 50 za Kenya kila siku kwa simu mpaka amalize. Arusha nako ikazaliwa Off Grid Electric, ambayo baadaye ilijiita Zola. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack wa mwaka 2016, uliokadiria kwamba pesa za simu ziliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, na ubishi ulioufuata, mnavijua vizuri. Sivirudii.

Turudi kwa mgeni wetu. Kwanza, si kweli kwamba simu iliruka chochote. Mnara wa simu unakula umeme usiku na mchana, na pale gridi isipofika, huwekwa jenereta ya dizeli ingurume porini. Sauti na picha mnazotumiana zinapita katika nyaya nene chini ya bahari. Waya mmojawapo, SEACOM, ulifika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, na bei ya intaneti tuliyokuwa tukilipa kabla ya hapo wazee mliomo humu mnaikumbuka. Tena sehemu ya Mkongo wetu wa Taifa wa mawasiliano imepitishwa juu ya nguzo zile zile za shirika la umeme, TANESCO. Simu ilipanda mgongoni mwa gridi. Yule aliyepanda mgongoni mwa mtu akavuka mto hatuwezi kusema ameuruka.

Pili, sauti haina uzito, na mahindi yana uzito. Seti ya sola iliyoenea sana Kenya ilikuwa na paneli ya wati 8. Mota ya mashine ya kusaga ya kijijini, tuseme ni ya kilowati 10. Gawanyeni: ili kuizungusha mtahitaji paneli 1,250 za aina hiyo, zote ziwe kwenye jua kali la saa sita. Mama aliyejitwika debe la mahindi kwenda mashineni hawezi kuambiwa ameshapata umeme kwa sababu nyumbani kwake inawaka taa. Fundi wa kuchomelea hawezi kuambiwa hivyo, wala muuza samaki anayetafuta barafu. Neno “umeme” tumelitandaza mpaka likafunika vitu viwili visivyofanana, na mwekezaji akihesabu “waliofikiwa” anavijumlisha pamoja.

Tatu, mnara mmoja hutumikia wengi kwa zamu bila wenyewe kujua: wewe ukinyamaza, mwenzako anaongea. Paneli iliyo juu ya bati langu haijui jirani. Betri ikishajaa, jua lote la mchana linalobaki linapotea pale pale, wakati nyumba ya pili iko gizani. Gridi, kwa kasoro zake zote, ni ujirani wa watu wasiojuana.

Na huku watabiri wakiendelea kutabiri, nguzo zilikuwa zinasimikwa. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Bei ya kuunganishiwa umeme kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000, na leo serikali inavihesabu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara kuwa vimefikiwa. Najua, na wenzangu wahandisi wananikumbusha kila tukikutana, kwamba nguzo kufika kijijini hakumaanishi taa kuwaka kila nyumba. Hoja hiyo naipokea. Lakini jambo tuliloambiwa kwamba litarukwa, halikurukwa.

Je, nasema sola ya mkopo haina maana? La. Nimesoma kwa koroboi mpaka darasa la saba. Najua masizi ya asubuhi puani, na najua nyumba ya makuti iliyoungua kwa sababu mtoto aligeuka usingizini. Taa ya wati mbili inayoondoa hayo ni neema, na siruhusu mtu aidharau. Kosa la mgeni wetu liko ndani zaidi: hakutazama ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiuzwa.

Hapo ndipo ninapoomba niwaonyeshe madaftari ya mama yangu.

Yako matatu, ya kaunta, yenye majalada magumu, nami nimeyasoma kuliko kitabu chochote katika maktaba ya chuo hiki. Mama aliendesha duka dogo katika kijiji cha Newala, kwenye uwanda wa Makonde, na madaftari haya yanaanzia 1988 hadi 1993. Kurasa zimegeuka rangi ya chai. Nyingine zina madoa ya mafuta ya taa, na ukizinusa kwa karibu bado zinatoa harufu. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni kitu, ya tatu kipimo, ya nne deni. Sukari, chumvi na sabuni zinajitokeza hapa na pale. Mafuta ya taa yako kila ukurasa.

Kipimo chenyewe ni somo. Mama alikuwa na chupa ya soda, nusu ya chupa ya soda, na kifuniko kirefu cha bati alichokiita “cha usiku mmoja”. Nimehesabu miaka miwili mizima, na lita kamili haijaandikwa hata mara kumi. Kijiji kizima kilinunua nuru kwa kifuniko. Mtu hakuwa na fedha ya lita, lakini fedha ya usiku wa leo alikuwa nayo, na kama hakuwa nayo, alikuwa na jina lake katika daftari. Mali kauli, tulivyoita. Wataalamu wa masoko waliokuja miaka ishirini baadaye na kugundua kwamba maskini hununua kidogo kidogo, wangeweza kugundua hayo katika duka lolote la Newala.

Halafu kuna alama. Pembeni mwa baadhi ya majina mama aliweka kiduara kidogo kwa kalamu. Nilidhani ni wadaiwa sugu. Nilipomwuliza, akacheka: “Hao ni wa msimu.” Yaani watalipa korosho zikiuzwa. Viduara vinaanza kuota mwezi wa pili, vinazidi katika miezi ya kupalilia, na kuanzia Oktoba majina yanakatwa kwa mstari, moja baada ya jingine, kurasa nzima. Sitamfanya mama mtakatifu. Kipimo cha mkopo kilikuwa kifupi kidogo kuliko cha taslimu, na kila mtu kijijini alijua. Lakini daftari lake lilijua mwaka wa mkulima unavyokwenda.

Sasa wekeni daftari hilo kando ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla tuliyoizoea tangu katikati ya miaka ya 1990 hata hatusikii tena jina lake: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Tarakimu 20 za tokeni ni kifuniko cha mama kilichotiwa hesabu. Wala hatukuwa wa kwanza duniani, kwani wafanyakazi wa Uingereza walikuwa wakitumbukiza peni kwenye mita ya gesi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Na serikali ilipotaka kukusanya kodi ya majengo mwaka 2021 iliipitisha humo humo kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Serikali ilikuwa imetambua kwamba mita ni mkusanyaji.

Simu na sola zilipokutana, zilizaa kitu cha tatu ambacho mgeni wetu hakukitaja kabisa: kufuli. Ndani ya seti kuna laini ya simu au kibonyezo cha kuingizia namba. Ukilipa, inawaka. Ukichelewa, inazima yenyewe, hata ukiwa maili mia mbili kutoka kwa mdai wako. Dhamana ya mkopo ni taa yenyewe. Mtu asiye na hati ya shamba wala akaunti ya benki akakopesheka kwa mara ya kwanza na mdai asiyemjua, na huo ndio ubunifu mkubwa katika habari yote hii. Jua lilikuwepo siku zote, na paneli zilishuka bei kwa sababu ya viwanda vya China. Kilichowekezwa hapa kwetu ni daftari lenye kufuli. Ushahidi ni M-KOPA yenyewe, ambayo jina lake halikuficha kitu: ilianza na taa, na mwaka 2023 ilipokusanya zaidi ya dola milioni 250, biashara yake kubwa ilikuwa tayari ni simu janja za mkopo, zenye kufuli lile lile ndani.

Na daftari lenye kufuli halina kiduara cha msimu. Februari moja nilikwenda kumtembelea shangazi yangu kijijini. Paneli ilikuwa juu ya bati, jua limewaka kutwa nzima, betri imejaa pomoni. Jioni akawasha koroboi. Alikuwa amelipa bila kukosa tangu Oktoba, kisha fedha ya korosho ikaisha, kama inavyoisha kila mwaka, na seti ikajifunga. Kampuni siitaji, na kijana wa ofisi yao alinijibu kwa adabu kwamba mfumo hauna namna. Tulikaa na shangazi tukila, moshi ukipanda, na juu ya vichwa vyetu betri imejaa. Sijawahi kuona uchumi ukieleweka waziwazi kama usiku ule.

Kwa nini mfumo hauna namna? Kwa sababu kampuni nayo inadaiwa, na mdai wake hapokei korosho. Mtaji mwingi wa biashara hii umekuja kwa dola na euro, huku mapato yakiwa shilingi. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama shilingi 85 za Kenya, na Januari 2024 ilifika karibu 160. Aliyekopa dola 100 akazigeuza kuwa shilingi 8,500 za taa, alitakiwa kurudisha shilingi 16,000 kabla hata ya riba. Pengo hilo lazima limwangukie mtu. Mwenye akiba hana haraka na mkulima, ila mwenye deni la dola hawezi kungoja Oktoba. Mobisol ya Berlin, iliyouza mifumo mizuri hapa Tanzania na Rwanda, iliomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2019 na ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Sababu zake zilikuwa nyingi, na sitazibana ziwe moja. Lakini M-KOPA ilipokopa dola milioni 80 mwaka 2017 kwa masharti ya shilingi za Kenya na Uganda, nadhani ilikuwa imejifunza mahali fulani.

Hivyo nakuja kwenye jambo ninaloliamini. Nishati safi ya kijijini igharimiwe kwa shilingi, kutoka katika akiba yetu, na irejeshwe kwa msimu. Akiba ipo. NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, imejenga pamoja na serikali daraja la Kigamboni. Mamlaka ya Maji ya Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani ya miaka kumi, shilingi bilioni 53.12, na wanunuzi wakazidi lengo. Njia ya marejesho nayo ipo: tangu 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na chama cha msingi cha ushirika kinajua siku ambayo fedha ya kila mkulima inaingia.

Nimepewa pingamizi tatu, zote nzito. Ya kwanza, riba ya benki zetu iko karibu asilimia 15 au 16, na dola ni rahisi zaidi. Ni rahisi mpaka siku shilingi inapoteleza, na hesabu yake nimeshawaonyesha. Ya pili, fedha ya mstaafu haichezewi. Sawa kabisa, kwa hiyo ianze kwa sehemu ndogo na iwekwe katika mikopo mingi iliyochanganywa. Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi: msimu nao husaliti. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoingia kununua korosho, malipo yalichelewa, na mkulima aliyeahidi kulipa “zikiuzwa” alikuwa na korosho ghalani na mfuko mtupu. Nimeipima pingamizi hii kwa mwaka mzima. Inanilazimisha kuacha nafasi ya mwaka mbaya katika mkataba. Imani yenyewe hainiondolei.

Madaftari nimekuja nayo, yako juu ya meza ile karibu na mlango, na mnaruhusiwa kuyashika. Ukurasa ninaowaomba muutafute uko katika daftari la pili, mwaka 1991. Mwaka ule korosho za kijiji kile ziliharibiwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Oktoba inafika na majina hayakatwi. Mama ameandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, “mwakani”, kisha akachora upya kila kiduara, jina kwa jina, na safu ya deni haina hata shilingi moja iliyoongezwa.