Santuri za Babu Sokoni Mtandaoni

Msikilizaji, zile santuri za Mbaraka Mwinshehe au Shirati Jazz zilizolala kabatini kwa babu zina wanunuzi hadi Ulaya. Muombe ruhusa kwanza, tafadhali!

Kabla ya kuitangaza kwenye Discogs, soko la santuri mtandaoni, shika santuri kingoni, iinamishe chini ya taa kali: mikwaruzo itajitokeza yenyewe. Kisha ipige yote, maana jicho hudanganya. Soma namba iliyochongwa karibu na lebo ujue ni toleo gani. Toleo la kwanza na la marudio hayauzwi bei moja.

Usiisifie kupita kiasi, mnunuzi atairudisha. Bei? Tazama zilizokwisha kuuzwa, si zinazotangazwa.

Ukifunga mzigo, itoe kwenye jalada lake, la sivyo italipasua njiani, kisha vibane vyote kati ya vipande viwili vya boksi gumu.