Kuwapo Pale Tulipo



Aingiaye hekaluni hugonga kengele. Mtoto hudhani kengele hiyo ni ya kumwamsha Mungu. Kumbe anayeamshwa ni mgongaji mwenyewe. Mwili umekwisha kufika, lakini fikra bado zimo dukani, safarini, au katika deni la jana. Kengele inaziita zije. Hilo ndilo ninaloomba tulitafakari leo: uzingativu, yaani kuwapo kwa moyo na akili katika jambo tulifanyalo, wakati tulifanyapo.

Jambo hili si geni. Katika mlango wa 6 wa Bhagavad Gita, Arjuna analalamika kwamba akili haishikiki, mfano wa upepo. Krishna hamkemei, anakiri ugumu wake, kisha anamwelekeza kwenye mazoezi ya daima na kuacha kung'ang'ania. Majirani zetu Waislamu huhimizana khushuu katika sala. Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha uzingativu wagonjwa wenye maumivu sugu, akichota katika yoga na mafundisho ya Kibuddha.

Sisi wa Kwa Mathias tunaishi kando ya Barabara ya Morogoro, na mabasi na malori hayana simile. Anayevuka huku simu iko sikioni, na dereva anayesoma ujumbe, wote wawili hawapo pale walipo. Waliowahi kumuuguza majeruhi katika Hospitali ya Tumbi wanajua gharama ya kughafilika kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Nyumbani hakuna lori, lakini hasara ipo. Mtoto anasimulia ya shuleni, mzazi anaitikia "ndiyo" bila kuinua macho kwenye simu. Baada ya siku kadhaa mtoto huacha kusimulia. Na siku atakapokuwa na jambo zito, hatalileta kwetu.

Tufanyeje? Kwanza, kila asubuhi tukae kimya dakika tano tukifuata pumzi. Fikra zikitoroka, tuzirudishe bila kujilaumu. Kule kurudi ndiko mazoezi yenyewe; basi anayerudi mara hamsini hakushindwa, amefanya mazoezi mara hamsini.

Pili, tuchague kazi moja ya kila siku, kama kufagia ua au kuchemsha chai, tuifanye hiyo peke yake. Mshika mbili moja humponyoka.

Tatu, tukiudhiwa, tuvute pumzi tatu kabla ya kujibu. Hasira haitaondoka papo hapo, lakini tutakuwa tumeiona kabla haijashika ulimi.

Tusidanganyane, hata hivyo. Uzingativu si badala ya daktari: mwenye huzuni isiyokwisha au usingizi uliomkimbia aende hospitali. Wala si kuvumilia dhuluma kwa tabasamu. Mwenye akili tulivu huiona dhuluma kwa uwazi zaidi, na huipinga bila kuwa dhalimu mwenyewe.

Ndugu zangu, sherehe zikiisha wengi wetu tutavuka barabara ile. Tuvuke kwa macho na masikio yetu wenyewe, tukiwa tumewashika watoto mikono. Na tukifika nyumbani, tuwasikilize.

Om shanti, shanti, shanti.