Dawa Tunaijua, Mlipaji Ni Nani? Uzamili wa Afya ya Jamii Ukitazamwa Kutoka Gazi



Nimeombwa nizungumzie, hapa Gazi katika Kaunti ya Kwale, mbele ya wazee, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi, masomo ya uzamili katika afya ya jamii na sera za afya. Mambo ya karo, masharti ya kujiunga na nafasi za kazi sitayagusa. Ofisi ya msajili inayajua kuliko mimi. Nataka tuangalie jambo moja tu: mtu akishaingia kwenye kozi hii, aulize swali gani? Tasnifu hula mwaka mzima wa maisha ya mtu, mara nyingi zaidi ya mwaka, na watu wa Kwale wamekwisha kutoa damu, mkojo na muda wao kujibu maswali mengi sana.

Tuanze na jirani zetu wa Msambweni. Kuanzia 1984, Wizara ya Afya ya Kenya ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani ilikuwa ikiwapima na kuwatibu kichocho watoto wa shule za eneo hilo. Wanasayansi kama John Ouma na Charles King walilinganisha dawa mbili za wakati huo, metrifoneti na prazikwanteli. Wenye umri wangu mnakumbuka namna kichocho kinavyopimwa. Mtoto hupewa kikopo baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi jua likiwa utosini. Ukimpima alfajiri unaweza kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Mililita 10 za mkojo huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa katika kichujio kidogo cha mviringo, kichujio kikawekwa chini ya hadubini, kisha mtu akakaa na kuhesabu. Yai la kichocho cha mkojo halifichiki: lina umbo la duaradufu na mwiba mmoja mfupi nchani. Ukihesabu 50 au zaidi katika kichujio kimoja, mtoto huyo ana maambukizi mazito.

Dawa zote mbili zilipunguza ugonjwa. Mtoto aliyekojoa damu alipona. Halafu alirudi kuoga bwawani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na maji mengine, na bwawani konokono walikuwa wakimsubiri. Tangu zamani hizo, kwa hiyo, tunajua kwamba kidonge kinatibu na bomba la maji linazuia, na kwamba kimoja bila kingine ni kazi ya kurudiwa kila mwaka. Kikwazo kilikuwa cha kiofisi. Kidonge kilikuwa cha wizara moja, maji ya wizara nyingine, na zote mbili ziko Nairobi.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Wanafunzi wa sera za afya, kabla hamjafungua kitabu chochote cha nadharia kutoka ng'ambo, someni Jedwali la Nne la Katiba hii. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya, ambulensi na afya ya msingi vimekuwa vya kaunti. Huduma za maji na usafi wa mazingira nazo ni za kaunti. Tangu 2013, basi, kidonge cha kichocho na bomba linalomwepusha mtoto na bwawa vinapita mikononi mwa gavana mmoja, na bajeti zake zinajadiliwa na bunge moja la kaunti, hapo Kwale mjini, safari ya matatu tu kutoka hapa. Sijui kama wengi wetu tumeliona hili lilivyo kubwa. Swali ambalo kizazi cha 1984 hakikuwa na mlango wa kuligongea sasa lina mlango, tena wa karibu.

Nije kwenye utafiti wa minyoo ambao ningetamani kila mwanafunzi wa uzamili hapa Pwani auchambue mstari kwa mstari. Unaitwa TUMIKIA, ulifanyika Kwale hii hii kati ya 2015 na 2017, na ukachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019. Maeneo 120 yaligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea na utaratibu wa kawaida wa nchi: dawa ya minyoo kwa watoto, shuleni, mara moja kwa mwaka. La pili lilipata dawa nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa wadogo, mara moja kwa mwaka. La tatu vivyo hivyo, ila mara mbili. Baada ya miaka miwili, minyoo ya safura katika kundi la shuleni ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Katika kundi la nyumba kwa nyumba mara moja, kutoka 17.9 hadi 8.0. Mara mbili kwa mwaka, kutoka 20.6 hadi 6.2.

Sababu haishangazi. Safura haichagui watoto. Inakaa kwa baba anayelima peku na kwa bibi asiyekanyaga shule. Ukimtibu mjukuu ukamwacha bibi, udongo wa uani utaendelea kupokea mayai.

Sasa, kwa nini nchi isibadilishe utaratibu kesho asubuhi? Kwa sababu shuleni dawa hugawiwa na mwalimu, ambaye mshahara wake umeshalipwa na tume ya walimu, na watoto wameshakusanyika. Nyumba kwa nyumba lazima atembee mtu, na mtu huyo ale. Ndipo swali la minyoo linapogeuka kuwa swali la posho ya mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wa vifaa, na posho ikapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Mwezi ambao nusu moja imechelewa, nani anawajibika? Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 inasemaje? Hapo pana tasnifu, na sijaona wanaoigombania.

Wanachogombania nakijua. Ni hojaji ya ujuzi, mitazamo na mienendo ya akina mama kuhusu jambo fulani, akina mama 384 kwa sababu ndivyo fomula ya ukubwa wa sampuli inavyotoa, na sura ya mwisho yenye pendekezo ambalo mngeweza kuliandika kabla ya kwenda nyanjani: akina mama waelimishwe zaidi. Mama wa kijijini ameelimishwa mpaka basi. Mkurugenzi wa fedha wa kaunti hajawahi kuhojiwa ujuzi wake, mitazamo yake wala mienendo yake.

Wapo wasimamizi watakaosema kufuatilia shilingi ni kazi ya wahasibu au wanasiasa. Siwaelewi. Profesa Miriam Were alisomea shahada zake za juu za afya ya umma Johns Hopkins, akafundisha afya ya jamii Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka ya 1970 akaingia vijiji vya Kakamega kuonyesha kwamba wanakijiji waliopewa mafunzo wanaweza kuendesha sehemu kubwa ya huduma za afya wenyewe. Alipopewa Tuzo ya Hideyo Noguchi mwaka 2008, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika mkakati wa taifa. Usomi wake haukupungua kwa kukaa na machifu na maafisa wa wizara.

Na hapa Gazi hamhitaji mfano wa kutoka mbali. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, Dkt. James Kairo miongoni mwao, walianza kupanda mikoko katika ghuba hii mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipima mizizi, udongo na kaboni kwa miaka. Lakini kilichofuata ndicho kinachonivutia mimi mtu wa sera: mwaka 2013 hesabu hizo za kitaalamu zikawa Mikoko Pamoja, hekta 117 za mikoko zinazoleta fedha za kaboni, na matumizi ya fedha hizo yakawekwa chini ya kamati inayochaguliwa na wanakijiji na kuamuliwa mbele ya watu. Maji yakapata fungu, shule ikapata fungu. Wazee waliokaa mikutano hiyo wamewahi kuamua kama shilingi iliyopo ni ya bomba au ya dawati, na walioshindwa katika hoja wakarudi nyumbani wamenuna, na mwaka uliofuata wakaja tena. Mwanafunzi wa sera za afya atakayekaa nao jioni moja atajifunza zaidi namna vipaumbele vinavyopangwa kuliko muhula mzima wa slaidi zangu.

Niwaachie ratiba, kwa kuwa ndiyo inayotushinda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mwanafunzi anayemaliza kuandika Mei na kutetea tasnifu Agosti amekosa milango miwili, na wa tatu amebakiwa na siku chache tu kabla haujafungwa, hata kama kazi yake ni bora. Kwa hiyo mimi, kwa wanafunzi nitakaowasimamia, nitadai matokeo ya awali ya kurasa nne, kwa Kiswahili, mezani kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti katika wiki ya kwanza ya Februari, na nakala moja hapa Gazi. Chuo kina haki ya kusubiri juzuu lenye jalada gumu. Maswali sasa, naomba wahudumu wa afya waanze.